Mke Wangu Alisimama Kunipisha

Ukiwa mtaa wa Tena na unatafuta kazi ya mkono wangu, huna haja ya kuuliza mtu. Inua macho tu. Geti lenye simba wawili wanaotazamana, langu. Lenye jua linalochomoza katikati ya mitende, langu pia. Kuna vijana wameliiga lile jua, lakini miale yao imejipinda kama uma wa hoteli, na mvua ikinyesha mara mbili kutu inateremka ukutani. Geti langu la kwanza kabisa bado liko Majengo, na mpaka leo linafunguka kwa kusukumwa na kidole kimoja.

Shule niliachia darasa la tano. Nilikuja mjini bila mtu, nikambebea fundi mwingine vyuma mpaka akaniamini na mashine yake, na leo nina karakana yangu, pikapu yangu, na wateja wenye digrii wananiita mzee na kunisubiri mpaka nimalize chai. Nayasema haya mapema ili ujue ni mtu wa aina gani anayekuandikia. Sikuzoea kuona haya. Nilikuja kujifunzia kanisani, kwenye benchi, tena kichwa kikiwa na mvi.

Miaka mingi Jumapili zangu zilikwenda hivi. Tunafika Misa ya pili, mimi, mama watoto na watoto. Tunaimba, tunasikiza mahubiri, sadaka natoa, na natoa vizuri. Lakini watu wakishapeana amani tu, mimi natoka kwa mlango wa pembeni, navaa ile jaketi ya kung'aa ya wasimamizi wa magari, naenda kusimama getini. Huyu namwambia rudi nyuma, yule kata kushoto. Ndani watu wanapanga laini kupokea Ekaristi, mimi niko nje napungia gari lisilokwenda popote. Wakitoka wananikuta hapo.

"Huyu mzee anajitolea," wanasema. "Hata Misa hamalizi kwa sababu yetu."

Na mimi nainamisha kichwa kama mtu asiyependa sifa.

Nilikuwa natoroka. Mimi na mama watoto hatukuwa tumefunga ndoa kanisani. Kwao nilienda, mbuzi nilipeleka, wazee wa kwao wakanipokea na tukala. Lakini kwa kanisa hiyo bado ni kukaa tu, na watu wanaokaa tu hawapokei. Hata wewe ukiwa Mkatoliki wa mitaa hii unajua tuko wengi. Wengine ni kukosa uwezo, wengine mahari haijaisha. Mimi sikuwa na kisingizio hata kimoja. Nilikuwa nataka harusi ya kuonekana. Nilikuwa nataka tenti, magari yenye riboni, keki ya ghorofa, na watu wote wa Majengo walioniona nikiwa na masizi usoni waje wakae kwenye viti vyeupe waniangalie. Kila mwaka kulikuwa na kitu. Mashine mpya. Karo. Pikapu. Kiwanja.

"Mwaka ujao, mama," namwambia.

"Sawa, baba."

Tulipohamia Tena hakuna mtu wa parokia aliyetujua. Siku ya kwanza ya jumuiya, zile sala tunazofanya nyumba kwa nyumba kila wiki na majirani, mtu akauliza tulifungia ndoa wapi. Nikasema, "Huko tulikotoka, zamani." Lilitoka kinywani bila kukwama. Mke wangu alikuwa ameketi karibu nami na kikombe mkononi. Akakitazama kile kikombe. Ningefurahi angenigombeza, kwa sababu mtu akinigombeza najua kujitetea.

Yeye hakuwa na geti la kukimbilia. Alibaki ndani. Na kwa kuwa alibaki, alijichagulia mahali pa kukaa, mwisho wa benchi, kwenye njia. Wakati wa kupokea ukifika anainuka, anatoka kwenye benchi, anasimama kando ya njia mpaka benchi lote limepita, halafu anarudi anapiga magoti peke yake. Wakirudi anainuka tena kuwapisha waingie. Mara mbili kila Misa. Nilikuja kuyajua haya baadaye kabisa. Nilikuwa nje na magari.

Kitu kingine nilikijua na sikukitilia maanani. Mke wangu ni fundi wa nguo, ana cherehani pale sebuleni karibu na dirisha. Kina mama wa kanisa wana sare yao, na karibu sare zote za jumuiya yetu zimepita kwenye ile cherehani. Yeye mwenyewe hana. Sare hiyo haivai mtu ambaye ndoa yake haijafungwa kanisani. Kila sikukuu anapika nao, anaosha masufuria nao, halafu wanapojipanga kuandamana kuelekea altareni wakiwa wamevaa mishono yake, yeye anabaki na masufuria.

"Mama, na wewe utajiandikisha lini?" walikuwa wakimuuliza. "Leta cheti tu."

"Nitaleta," anasema.

Jioni moja jumuiya ilikuwa kwetu. Mwenyekiti wetu ni mama anayeuza mboga karibu na stendi, mtu wa sauti kubwa na sala ndefu. Alipomaliza matangazo akasema parokia inaandaa harusi ya pamoja, wale ambao hawajabariki ndoa waandikishe majina, wafundishwe, wafungishwe siku moja, bila gharama. Mke wangu alikuwa anazunguka na chupa ya chai. Nilimwona amesimama.

Mzee mmoja aliyestaafu kutoka reli, ambaye hawezi kukaa dakika bila mzaha, akaniuliza, "Mzee wa mageti, unasemaje? Uoe tena?"

Nikacheka kuliko wote. "Mimi si mtu wa kuoa kwa laini kama anayengoja maji ya bomba. Mimi mambo hayo nilimaliza, tena kwa heshima."

Watu wakacheka. Mke wangu akaendelea kumimina chai. Alipofika kwangu alijaza kikombe mpaka kikamwagikia kisahani, na alikuwa mtu ambaye hamwagi.

Basi kanisa likataka geti jipya. Nikasema chuma nunueni nyinyi, kazi na rangi ni yangu. Sitajificha, lile geti ni zuri. Nilichora kikombe cha Misa katikati, hostia, ule mkate mwembamba wa Ekaristi, juu yake, miale ikitoka pande zote, na chini mashuke ya ngano niliyoyakunja kwa mkono moja moja. Watu walikuwa wanasimama barabarani kulipiga picha. Ikapangwa kwamba askofu anakuja kwa ajili ya kipaimara, na siku hiyohiyo atalibariki.

Nilinunua suti. Mke wangu nikamkalisha benchi la kwanza pamoja nami. Askofu akalinyunyizia geti maji ya baraka, tukaingia ndani, na kabla ya mahubiri akaomba fundi asimame. Nikasimama. Kanisa zima likapiga makofi. Nageuka nyuma nainua mkono, naona nyuso mpaka mlangoni, na kwaya imesimama.

Saa ya amani ikafika, na miguu yangu ikataka kutoka kama kawaida. Lakini unatokaje mbele ya askofu, kutoka benchi la kwanza, na suti? Getini kulikuwa na vijana wa kutosha. Nikabaki. Askofu akateremka ngazi na kikombe, akasimama pale pale mbele yetu, hatua chache tu, na msimamizi akatunyooshea mkono. Benchi la kwanza ndilo linaloanza.

Naweza kukuambia sikufikiri, lakini nilifikiri. Nilifikiri kitu kimoja: hawa watu wamenipigia makofi sasa hivi, na sasa wataniona nimeketi.

Nikainuka. Mke wangu, aliyekuwa mwisho wa benchi kama desturi yake, akatoka kwenye benchi kunipisha. Alidhani nakwenda nje. Niliona hata alivyosogea upande wa kuniachia njia ya mlangoni. Nikageuka upande wa pili, nikaenda kwa askofu, nikasema amina, nikapokea.

Nikarudi. Alikuwa bado amesimama njiani, ananingoja niingie. Hakuniangalia usoni. Alinipisha na macho yake yakiwa chini, kama anavyompisha mtu yeyote, nikapita, nikapiga magoti, na yeye akarudi kukaa. Ile hostia ilikaa ulimini. Sikujua niimeze au nifanye nini. Niliimeza kama dawa.

Nyumbani akapakua. "Uongezewe mchuzi?" akaniuliza. Hayo tu.

Wiki chache baadaye, nikiwa karakanani nakata vyuma, mwenyekiti wa jumuiya akaja. Hajawahi kuja. Alikuwa na kikapu chake na kitambaa amekifunga vizuri, kama mtu anayekwenda kumwona mgonjwa.

"Tumsifu Yesu Kristo, baba."

"Milele na milele, amina. Karibu, mama mwenyekiti. Vijana, leteni kiti."

"Sitakaa. Nimeona nije hapa kazini, nyumbani haingefaa."

"Kuna shida?"

"Hakuna. Nimekuja kukupa moyo. Tunaona unavyovumilia."

"Navumilia nini?"

Akatazama vijana wangu, akanisogelea. "Baba, mtu kupokea peke yake na mwenzake ameketi si jambo dogo. Kina mama wameongea mengi. Mmoja anasema labda alikuwa na mume mwingine kabla yako. Mwingine anasema ni mambo ya waganga. Mimi nimewakataza. Nimewaambia yule mzee amebeba msalaba wake bila kelele, sisi tumwombee. Lakini kuna wengine wameanza kuchukua vitambaa vyao kwake. Mimi sijachukua changu."

Nilikuwa nimeshika kipande cha chuma bado cha moto, kupitia glavu nilikuwa nausikia ule moto. Hapo kulikuwa na neno moja tu la kusema. Yule mama alikuwa amesimama mbele yangu, masikio wazi, na mdomo wake ungelifikisha lile neno nyumba zote kabla ya jioni. Kazi yote ingekuwa yake. Mimi nilitakiwa nifungue mdomo tu.

Nikasema, "Asante, mama. Tuendelee kuomba."

Akanishika mkono kwa mikono miwili, akaenda zake.

Nimedanganya wateja kuhusu siku ya kumaliza kazi. Hilo kila fundi amefanya, na sikosi usingizi kwa ajili yake. Lakini ile pole niliyopewa siku hiyo, nikaipokea, na nikashukuru, bado ikinijia hata nikiwa barabarani naendesha, nazima redio.

Nilipofika nyumbani mke wangu alikuwa kwenye cherehani. Meza ambayo kwa kawaida huwa imejaa vitambaa ilikuwa na kimoja tu.

"Mwenyekiti alipita kwako," akasema.

"Alipita."

"Alitaka nini?"

"Geti."

Akakata uzi kwa meno. "Yule anakaa kwa ploti, chumba cha kupanga. Geti la nini?"

Nikakaa. Akashona mstari mmoja mrefu mpaka mwisho, akainua mguu wa cherehani, akageuza kitambaa.

"Kwa nini hukuwaambia?" nikamuuliza.

"Niwaambie nini? Kwamba mume wangu ni mwongo? Wangenicheka mimi niliyekaa na mwongo. Na wewe ungehama kanisa." Akatafuta sindano kwenye kola yake, hakuipata, akaacha. "Lakini kuna kitu nataka kukuuliza. Siku ile, ilikuwaje?"

"Nini?"

"Kupokea. Mimi mara ya mwisho nilikuwa bado kwa mama yangu. Siku nilipokuja kwako Majengo ndipo niliacha. Nimesahau kama inashika ulimini au inayeyuka."

Hakuwa ananichoma. Ningemjua kama ananichoma. Alikuwa anataka kujua tu, kama unavyomuuliza mtu aliyetoka kwenu kama mvua imenyesha.

"Sijui," nikamwambia. Na kweli sikujua.

Jumamosi iliyofuata nikaenda kuungama. Padre wetu ni kijana, ni rika la kifungua mimba wangu, na hilo pekee lilikuwa limenizuia muda mrefu. Nilikaa kwenye mstari na akina mama wazee na watoto waliopata kipaimara juzi. Nilipopiga magoti maneno ya kuanzia yakanipotea. Nikaanza popote.

"Padre, nilipokea nikiwa sistahili. Mbele ya askofu."

"Sawa. Kwa askofu au kwangu ni yule yule Bwana. Kwa nini hustahili?"

Nikamwambia yote, mpaka ile pole ya mwenyekiti.

"Siwezi kukupa ondoleo la dhambi leo," padre akasema. "Kwanza ile nyumba yako iwekwe sawa. Utarudi kabla ya ndoa. Utaifunga?"

"Nitaifunga, Padre. Na ninataka kufanya malipizi. Nitakutengenezea kizuizi cha altare, chuma chote changu, niweke na malaika."

"Hapana. Umeshatutengenezea ya kutosha."

"Basi nifunge kula."

"Utafunga na utamwambia kila mtu umefunga." Sauti yake ilikuwa na kicheko kidogo, lakini si cha dharau. "Fanya hivi. Jumapili usitoke nje. Kaa kwenye benchi na mke wako, mwisho, pale anapokaa. Watu wakienda kupokea, inuka uwapishe. Wakirudi, inuka tena. Basi."

"Hilo tu?"

"Mpaka siku mtakayofunga ndoa."

"Watu wataniuliza."

"Ndiyo. Wataniuliza hata mimi, na nitawaambia wakuulize wewe. Na wale waliomsema mkeo, utawarudishia ukweli wewe mwenyewe, kwa mdomo wako."

Nilitoka nikiwa na hasira. Nimepanda ngazi za ghorofa na mashine mgongoni, nimelala kwenye baridi nikilinda vyuma vya watu, na huyu kijana ananipa kazi ya kusimama na kukaa. Nilifika Jumapili ndipo nikajua kwa nini aliipima hivyo.

Lakini kabla ya Jumapili, jioni hiyo hiyo, kulikuwa na jumuiya, na zamu ilikuwa ya mwenyekiti mwenyewe, kwenye chumba chake kule ploti. Tulijaa mpaka kitandani. Injili ikasomwa, tukafika pale kila mtu husema neno lililomgusa. Kwa kawaida mimi husema juu ya bidii. Watu walikuwa wanaijua ile hotuba yangu. Nikasimama, ingawa kwenye jumuiya hatusimami, na kichwa kikagonga waya wa nguo.

"Mke wangu hana kosa," nikasema. "Hatujafunga ndoa, mimi na yeye. Niliwadanganya. Siku ya askofu nilipokea na sikupaswa. Na mama mwenyekiti alipokuja kunipa pole, nilimwacha aende nayo hivyo hivyo."

Nikakaa. Sufuria ya chai ilikuwa inachemka kwenye jiko na hakuna aliyeipunguzia moto.

Yule mzee wa reli akakohoa. "Kwa hiyo, mzee wa mageti, ile laini ya bomba sasa utaipanga?"

"Nitaipanga."

"Mbele yangu au nyuma yangu?"

Watu wakamgeukia. Mke wake, bibi mdogo mwenye miwani, akajifunika uso kwa leso. "Sisi pia tunakaa tu," akasema mzee. "Nimekuwa nikitafuta mjinga wa kusimama naye, mtu mzima kama mimi."

Chumba kikaangua kicheko. Mwenyekiti hakucheka. Alikuwa anamtazama mke wangu. "Mama," akamwambia, "mimi..."

"Chai inamwagika," mke wangu akasema, akainuka kuiepua.

Jumapili nikakaa pale mwisho wa benchi. Magari nje yalipigiana honi, huyo kijana aliyeshika nafasi yangu hajui hata kulia na kushoto. Saa ikafika. Mke wangu akainuka, nikainuka, tukasimama njiani, yeye mbele, mimi nyuma yake. Mimi ni mtu mkubwa, nachukua nafasi. Watu wakawa wanapita wamejibana kifuani pangu. Kuna mteja wangu, nilimtengenezea geti la simba, alinitazama, akatazama altareni, akanitazama tena. Mtoto akanikanyaga kiatu nilichokipiga rangi. Laini ya upande wa pili ilipita karibu, kila jicho likiniuliza kwa nini yule aliyepigiwa makofi amesimama kama nguzo. Kisha tukapiga magoti, sisi wawili kwenye benchi tupu. Kisha tukainuka tena.

Kazi hiyo niliifanya miezi. Haikuwa nyepesi Jumapili ya pili, wala ile iliyofuata. Lakini nilianza kuona vitu. Mke wangu alikuwa anawajua wote. "Ngoja," ananinong'oneza, "huyu mama mguu unamsumbua, mwachie nafasi." Au, "Yule askari ametoka zamu sasa hivi, atalala akipiga magoti." Na alikuwa anatikisa midomo wakati wanapita. Nilidhani ni ile rozari yake. Siku moja tukirudi nyumbani nikamuuliza huwa anasema nini pale.

"Namtaja kila anayepita. Kwamba Mungu ambariki, kwa kuwa anakwenda na mimi siendi. Ningefanya nini na ule muda wote?"

Tukatembea kidogo. Sikutaka kuuliza lakini niliuliza. "Siku ya askofu pia?"

"Siku ya askofu ulipita. Nilikutaja."

Mimi nilikuwa nameza hostia kwa ajili ya sifa, na yule niliyemwacha amesimama njiani alikuwa ananiombea baraka ya kile nilichomnyima. Tangu siku hiyo na mimi nikaanza kutaja watu wakipita. Kwanza niliwataja wateja wazuri. Halafu polepole wengine, hata mmoja wa wale vijana wanaoiga jua langu.

Mafundisho ya ndoa yalikuwa Jumamosi, kwenye darasa la chekechea, magoti yetu yakigusa kidevu. Mwalimu alikuwa binti mdogo. Akaniambia nisali sala ya kutubu kwa kichwa, nikaenda vizuri mpaka katikati nikakwama, na aliyeninong'oneza maneno yaliyobaki ni kijana wa bodaboda aliyekuja na mchumba mwenye mimba. Mzee wa reli alikuwa na kitabu amekificha mapajani. Niliungama upya na nikapewa ondoleo, na nilitoka nje kimya, mke wangu akasema hajawahi kuniona nimenyamaza hivyo nikiwa mzima.

Siku ya harusi tulijipanga nje, kando ya ukuta, kuanzia kwenye lile geti langu kurudi nyuma, wawili wawili. Jua lilikuwa kali. Nilivaa suti ile ile. Mke wangu alivaa gauni alilojishonea, jeupe la kawaida, mikono mirefu. Hakukuwa na tenti wala gari lenye riboni. Watu wa Majengo hawakuwapo, kwa kuwa sikumwita mtu. Kina mama wa jumuiya walikuwa nyuma ya kanisa na masufuria, na mwenyekiti alikuwa amekunja mikono ya sare yake anaosha mchele. Mzee wa reli alikuwa mbele yetu. Akageuka.

"Maji yakiisha kabla hayajakufikia, usilalamike."

"Piga hatua, babu, unazuia watu," kijana wa bodaboda akasema nyuma yetu.

Nilimtazama mke wangu akicheka, na nikaona kwamba harusi yote niliyokuwa naipanga miaka ile, yeye hakuwamo. Alikuwamo mtu wa kusimama karibu nami kwenye picha. Siku hiyo tulipokea pamoja. Alifumba macho muda mrefu hata padre akalazimika kumsogelea aliyefuata.

Ningeweza kumalizia hapo, ningeonekana vizuri. Lakini kuna Jumapili iliyofuata.

Tulikaa mwisho wa benchi, ni mahali petu sasa. Saa ikafika. Tukainuka, tukatoka kwenye benchi, wenzetu wakapita. Mimi nikageukia altare. Nikapiga hatua mbili, nikahisi hakuna mtu. Nikatazama nyuma. Mke wangu alikuwa amerudi, amepiga magoti, midomo inatembea, anataja watu. Alikuwa amesahau. Miaka yote ile ilikuwa imemwingia magotini, na mimi ndiye niliyeiweka.

Sikwenda. Nikarudi, nikainama, nikamgusa kiwiko. "Mama."

"Eh?"

"Twende."

Akanitazama kama mtu aliyeamshwa. "Ah," akasema. "Kumbe mimi." Akajiziba mdomo ili asicheke kwa sauti, mabega yakitikisika, akainuka. Nikamwacha atangulie. Tulikuwa wa mwisho kabisa kwenye laini, padre alitungoja na kikombe mkononi, na kanisa zima limeshaketi linatuona. Sikutafuta ni nani anaangalia. Nilikuwa naangalia kisigino cha kiatu chake, kimeliwa upande mmoja, na nilikuwa sijawahi kukiona.

Tuliporudi, mwenyekiti wa jumuiya alikuwa amesogea mpaka mwisho wa benchi, pale mke wangu anapokaa. Alipotuona akainuka haraka, akatoka kwenye benchi na sare yake, akasimama kando kumpisha. Mke wangu akapita. Mimi nikafuata, nikamkanyaga yule mama mguu, naye akausogeza nyuma, anipishe na mimi.